Glavu ya Pili

Skarvnes, 4 Februari 2018

Mwanangu Ragnhild,

Salamu nyingi kutoka huku kaskazini, na baada ya salamu, u hali gani? Kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ya mazishi ya baba yako kimepoa? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ngazi. Shikamoo yako sikuipata pale kanisani, wala sikulaumu. Marahaba nimeiweka akiba.

Ulisema mbele ya shangazi zako, "Ukiwa na la kusema, andika. Simu yako sipokei." Basi naandika. Karatasi angalau haikatwi katikati ya sentensi.

Tangu nistaafu jikoni kwenye feri, nyumba imekuwa kimya kupita kiasi. Miaka ishirini na minane nimewaokea keki za umbo la moyo watu wanaoshuka kituo kinachofuata, na sasa sina hata wa kumwambia kahawa imeiva. Novemba kulikuwa na msaragambo wa kupaka rangi korido za shule ya watoto wenye ulemavu pale Lyngvika. Nikaenda na brashi yangu kama kila mtu. Kazi ikaisha, watu wakanywa kahawa, wakaondoka, mimi nikabaki naosha brashi. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya honi ya meli, jina lake Gudveig, akanitazama weee, akasema, "Bibi, brashi hiyo imetakata tangu saa nane. Wewe hutaki kwenda nyumbani. Njoo Jumatatu." Nikaenda Jumatatu, na sijaacha. Wanaita kujitolea. Sijui nani anajitoa kwa nani.

Shule ina watoto wanane. Mimi nimepewa Jorid. Ana miaka tisa, haoni na hasikii tangu kuzaliwa. Mikono yake ndiyo macho, ndiyo masikio, ndiyo mdomo. Siku ya kwanza nilimshika kwa juu nimpeleke mezani, akanitandika teke la ugoko. Gudveig alicheka mpaka akakaa chini. "We bibi wa feri, huyo si sufuria! Mkono wako uwe chini ya wake. Wa juu ni wa polisi, wa chini ni wa rafiki."

Jorid haambiwi twende tukaogelee. Anapewa boya dogo alipapase. Kijiko ni chakula, kipande cha mkanda wa gari ni kurudi kwao Ijumaa. Na jambo likimalizika, kuna sanduku la mbao lenye kifuniko, tunaliita sanduku la Imekwisha. Mnakishika kile kitu pamoja, mkono chini ya mkono, mnakitumbukiza, mnafunika, mnapangusa viganja mara mbili. Bila hivyo, kwake jambo halijaisha. Anaweza kukaa na boya mkononi mpaka kesho akingoja maji.

Nimesema mengi. Nijibu japo mstari mmoja, nijue habari za hicho kikohozi.

Mama yako,
Torunn


Trondheim, 25 Februari 2018

Kwa Torunn,

Kikohozi kimekwisha. Afya ninayo, kazi ya kukagua lifti ninayo, theluji ninayo ya kukutumia ukitaka. Natumaini goti linaendelea.

Sikukusudia kujibu. Nina swali moja tu. Wakikitia kitu kwenye hilo sanduku, mtoto analia?

Binti wa Eilif,
Ragnhild


Skarvnes, 18 Machi 2018

Mwanangu mpenzi Ragnhild,

Barua yako nimeisoma mara saba, na mara ya nane nilimsomea Gudveig, naye akasema, "Mistari mitano, na theluji juu. Huyo kweli ni mwanao." U hali gani lakini? Unakula? Wakaguzi wa lifti wanakula saa ngapi? Mimi goti liko vilevile, linaniamsha kabla ya jogoo, na jogoo mwenyewe hapa hakuna.

Umeuliza kama analia. Ndiyo, analia, hasa likienda boya, maana anapenda kuogelea kuliko chakula. Analia kwa sauti nene inayotoka tumboni, anajipiga paja. Halafu ananyamaza. Gudveig anasema ananyamaza kwa sababu anajua. Kilio cha kujua kina mwisho, ndivyo anavyosema.

Sasa nikuambie habari njema. Kila mtu mzima pale shuleni ana alama yake mkononi, ili Jorid akipapasa ajue ni nani. Gudveig ana pete kubwa ya fedha, mpishi ana mkanda wa ngozi. Mimi sikuwa na kitu. Nikapekua kabati, nikaipata ile glavu yangu ya kushoto, nyeusi na nyeupe, yenye nyota, aliyoifuma bibi yako kwa sufu ya kondoo wake. Ya kulia sijui iliishia wapi, labda unajua wewe. Nilikuwa nayo miaka thelathini na minne bila kazi. Nikaifumua, nikafuma kikuku cha sufu cha kifundo cha mkono. Ni kikavu na kinawasha kama upupu, ila Jorid anakipenda. Akikigusa tu anacheka, anakisugua shavuni, kisha anasugua kifundo chake mwenyewe. Ndilo jina langu hilo. Nimeitwa majina mengi maishani, hili ndilo la kwanza linalochekelewa.

Nimeona nikuambie ufurahi kwamba ile glavu imepata kazi. Ukipenda kuja Pasaka, kitanda kipo na kimetandikwa.

Mama yako,
Torunn


Trondheim, 27 Machi 2018

Torunn,

Uzima ninao. Salamu nyingine leo sina.

Ya kulia iliishia kwangu. Unajua vizuri iliishia wapi, usijifanye. Ilikuwa Oktoba, gatini kwetu Tarvøya, nina miaka saba. Ulivua ukanivalisha, ikanifika kwenye kiwiko. Ukasema, "Nishikie hii, nakwenda dukani bara. Nitaifuata na feri ya saa kumi." Ukapanda ukiwa na mkono mmoja mtupu. Nilikuonea huruma kwa baridi.

Feri ya saa kumi ilikuja. Kati ya walioshuka hukuwemo. Nikajua umechelewa, nikaenda kesho yake, na keshokutwa. Nilikwenda mpaka Krismasi. Mabaharia walinizoea, wakawa wanatikisa kichwa kabla hata ya kushusha mlango, ili nisihangaike kuhesabu watu. Baba alikuja kunichukua kila jioni bila kusema neno. Mara moja tu alisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Lakini alikosea. Hukulia wewe. Nililia mimi.

Uliporudi kunitembelea nilikuwa na miaka tisa, na mdoli ulioniletea ulikuwa wa mtoto wa miaka saba.

Glavu ninayo mpaka leo, sandukuni chini ya kitanda. Nilikuwa mjinga wa kudhani kwamba na wewe unaitunza ile ya kushoto kwa sababu ileile. Ulikuwa unaitunza, kumbe, mpaka apatikane mtoto wa watu wa kumfumulia.

Usiniandikie.

Binti wa Eilif


Skarvnes, 20 Mei 2018

Mwanangu Ragnhild,

Umenikataza nami nimekaa karibu miezi miwili kimya. Naomba uvumilie hii moja. Salamu zako sizistahili, nakupa zangu tu. Natumaini u mzima.

Uliposema uliwahesabu watu pale gatini, nilikaa jikoni mpaka kahawa ikaungua. Sina utetezi. Baba yako hakunipiga, hakunitukana, hakuniongelesha. Miaka tisa nilikuwa nikisikia saa ya ukutani tu mle ndani. Nilijua nikikuaga utalia, na ukilia sitaondoka, na nisipoondoka nitajitupa majini. Basi nikakudanganya. Nilijiambia ni huruma. Glavu sikuifumua kwa kukudharau. Niliifumua kwa sababu kila nikifungua kabati ilikuwa inanitazama.

Alhamisi ilikuwa tarehe kumi na saba, sikukuu ya taifa. Watoto wetu nao waliandamana na bendera zao, wengine kwenye viti vya magurudumu, Gudveig mbele na vazi la taifa linalombana akifoka, "Njia! Pisheni wafalme!" Nilimpa Jorid puto alikumbatie. Bendi ilipopita ngoma ikatetema ndani ya puto, na Jorid akafungua mdomo wazi, akabaki hivyo mtaa mzima. Mbwa, watoto, meya, wote wakatugeukia. Akasugua kifundo chake, akalisukuma puto kwangu, nisikie na mimi.

Jioni yake tukapata habari. Halmashauri inaifunga shule mwezi Juni. Watoto wanane ni wachache mno kwa jengo kubwa hivyo, ndivyo walivyoandika. Watatawanywa. Jorid anapelekwa Granlia, kusini, mwendo wa saa nane kwa basi. Mama yake, Sunniva, alikuja kuchukua karatasi, akazisoma akiwa amesimama, akaniuliza, "Kule nani atamjua?" Gudveig amepiga simu kila ofisi. Wanampa pole na muziki wa kusubiria.

Siku ya mwisho ni tarehe ishirini Juni. Kuna desturi pale: kila mtu mzima anakaa na mtoto wake, anavua alama yake, wanaitumbukiza pamoja kwenye sanduku, wanafunika. Gudveig amenionya mapema: "Bibi wa feri, hilo halina mbadala. Hata ukiwa na homa, njoo uifanye."

Mama yako,
Torunn


Skarvnes, 23 Juni 2018

Mwanangu Ragnhild,

Najua hukujibu. Salamu hata hivyo, na uzima nakuombea. Leo ni mkesha wa Mtakatifu Yohana, wenzangu wamekwenda ufukweni kuwasha moto mkubwa, mimi nimekaa nakuandikia.

Shule imefungwa. Siku ya mwisho tulikula keki za umbo la moyo, nilizioka mimi, na Jorid alikula nne. Kisha wakaanza kuagana, mmoja mmoja. Gudveig alivua pete yake kwenye kidole kilichovimba, akaitumbukiza na Jorid, wakafunika, wakapangusa viganja. Jorid akalia ile sauti yake ya tumboni. Gudveig naye akalia, akapenga kamasi, akaniambia, "Haya, zamu yako."

Nikakaa. Nikaweka mkono chini ya wake. Akaugusa ule uzi, Ragnhild, akacheka. Machozi ya pete bado yapo shavuni na yeye anacheka, anasugua kifundo chake, Torunn, Torunn. Nilishindwa. Sikutaka siku yake iishe kwa kilio cha pili. Nikakivua kikuku nikamvalisha yeye, kikakaa vizuri, nikambusu utosini, nikatokea mlango wa jikoni. Gudveig alikuwa ananiita. Sikugeuka.

Nimemwachia kumbukumbu. Nadhani ni vizuri awe na kitu changu cha kumfariji kule aendako.

Mama yako,
Torunn


Trondheim, 1 Julai 2018

Torunn,

U mzima? Nauliza kwa sababu mtu mzima wa akili hafanyi ulichofanya.

Kumbukumbu kwake haipo. Uliniambia mwenyewe: boya ni maji yanakuja. Kikuku ni wewe unakuja. Sasa anakungoja. Rudi ukakivue kabla hawajamhamisha.

Binti wa Eilif


Skarvnes, 9 Septemba 2018

Mwanangu Ragnhild,

U hali gani? Barua yako ya Julai niliipata siku zile, nami kila asubuhi nilikaa niijibu nikaishia kufagia. Siwezi kusema nilikuwa mgonjwa. Sikuwa.

Walimhamisha tarehe mbili Julai, kwa hiyo sikuwahi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia majira yote ya kiangazi. Nilijiambia mtoto husahau. Nilijiambia atakuwa amepata bibi mwingine, mwenye magoti.

Jana Gudveig alikuja mpaka mlangoni. Hakukaa. Alisema, "Granlia wamenipigia. Wanauliza maana ya kusugua kifundo. Anafanya hivyo kutwa nzima. Anakaa kwenye sakafu ya mlango wa mbele, kikuku shavuni, wakimwondoa anawauma. Uzito umepungua. Nimewaambia maana yake. Unataka nikuambie na wewe?"

Nikamwambia najua.

"Basi nenda!" Akaniwekea lile sanduku la mbao ngazini, akaondoka bila kuaga. Nadhani nilistahili.

Sasa nipo nalo hapa mezani. Nikienda, atalia. Tena nitakuwa nimekwenda ili alie. Na pale Granlia wana sheria zao, mtu baki haruhusiwi kuingia hivihivi, na goti hili kukaa saa nane kwenye basi sijui. Niambie la kufanya.

Mama yako,
Torunn


Trondheim, 14 Septemba 2018

Torunn,

Mimi mzima. Jibu ni hili.

Basi linatoka Skarvnes saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Nimeangalia. Unabadilisha mara moja. Ruhusa muombe mama yake, hatakunyima. Goti linyooshe kwenye njia ya katikati, watu wataliruka.

Mimi nilikuwa na macho. Niliweza kuona kwamba gati ni tupu. Yeye hata hilo hana. Kila mtikisiko wa mlango ni feri.

Nenda wiki hii. Usifagie.

Binti wa Eilif


Skarvnes, 2 Novemba 2018

Mwanangu Ragnhild,

Salamu. Sitauliza hali yako leo, nakuogopa. Hali yangu utaijua ukisoma.

Niliahirisha mara nne. Mara ya kwanza dhoruba, ilikuwa kweli. Mara tatu zilizobaki nilisimama kituoni na sanduku mkononi, basi likaja, dereva akafungua, nikamwambia namsubiri mtu. Mara ya tatu akasema, "Mama, huyo mtu wako haji."

Nilikwenda tarehe ishirini na tano Oktoba. Sunniva alikuwa amenipa ruhusa kwa simu: "Mimi sikujui sana, lakini mwanangu anakujua. Nenda." Nilipakata sanduku saa zote nane. Jirani yangu wa kiti akauliza kama ni majivu ya mume wangu. Nikamjibu hapana, nikaona ni afadhali ningesema ndiyo.

Jorid hakuwa mlangoni. Mhudumu, mwanamke mpole aliyechoka, alisema ameacha kukaa pale tangu mwisho wa Septemba, ana maendeleo, anakula. Nikauliza kikuku kiko wapi. Akasema alikuwa anakitafuna, nyuzi zinamkaba, wakakitoa wakakitupa. Hawana sanduku pale, Ragnhild. Walikivua tu akiwa usingizini. Asubuhi akaamka hana.

Nilimkuta chumbani, kwenye kiti cha dirishani. Amekalia mikono yake. Yote miwili, chini ya mapaja. "Siku hizi anakaa hivyo," yule mhudumu akasema, "ametulia." Mikono yake ndiyo mdomo wake, nami nimemkuta ameikalia.

Nilishuka sakafuni, sijui goti lilikubali vipi. Nikaweka mkono wangu karibu na goti lake, nikangoja kama Gudveig alivyonifundisha, bila kumshika. Nusu saa ilipita. Kisha akatoa mkono mmoja. Akagusa vidole vyangu, akapanda kiganjani, akafika kifundo. Akapapasa. Akazunguka kifundo chote kama mtu anayetafuta swichi ya taa ukutani. Akarudia tena palepale. Ngozi tupu. Akaurudisha mkono chini ya paja, akaukalia.

Nikachukua sanduku nikaliweka mapajani pake. Hakuligusa. Na mimi ningetumbukiza nini? Sikuwa na kitu cha kuvua.

Hakulia. Miaka yote hii nimekimbia kilio cha mtoto, na siku ile ningetoa chochote kukisikia. Nilikaa mpaka wakaniambia basi la mwisho linaondoka. Sikujua nimuageje mtu ambaye kwake mimi sipo.

Nimekuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine atakayeelewa. Naomba siku moja nije Trondheim. Nitakuja na feri, basi, treni, chochote. Utaniambia saa, na saa hiyo nitashuka. Nataka kuagana na yule mtoto wa miaka saba kama ipasavyo, kisha nimsalimu huyu wa arobaini na moja. Naomba tu.

Mama yako,
Torunn


Trondheim, 19 Novemba 2018

Mama,

Shikamoo. Ile marahaba uliyoiweka akiba, itumie sasa, maana nyingine sitaiomba. Natumaini goti limepumzika baada ya ile sakafu. Lipake mafuta ya mbegu za kitani, baba alikuwa anayaamini. Mimi ni mzima.

Humu ndani ya bahasha utakuta glavu ya kulia. Usiitunze. Ifumue. Ni sufu ileile, ya kondoo walewale, inawasha vilevile. Nimeishika sana, lakini sikuwahi kuifua, kwa hiyo mafuta ya kondoo bado yamo. Vidole vyake vitaijua. Fuma kikuku, uvae kwenye mkono uleule, upande basi la saa moja na dakika ishirini.

Akikigusa usiharakishe. Kwanza ajue ni wewe. Atakasirika, atakuuma, mwache akuume. Usikivue siku hiyo hiyo. Lala huko, rudi kesho yake, na kesho kutwa yake. Asipotoa mkono, kaa. Mimi ningekupa mkono mwaka wa pili, na wa tano, na hata wa kumi ungekuja ukakaa. Atakapokuwa amekuzoea tena, hapo ndipo mkitumbukize, mkono wako chini ya wake, mfunike, mpanguse viganja. Atalia. Kaa naye mpaka anyamaze. Usitokee mlango wa jikoni.

Huenda asitoe mkono kamwe. Huenda umechelewa, hilo nalo ulijue kabla ya kupanda. Nenda hata hivyo.

Umeomba kuja. Nimefikiri wiki mbili. Jumapili nilichukua sanduku la viatu, nikakaa sakafuni, nikaitoa glavu nikaivaa kwanza. Sasa inanienea. Kisha nikaivua. Kwa kuwa wewe hukuwepo, niliweka mkono wangu mmoja chini ya mwingine. Nikaitumbukiza, nikafunika, nikapangusa viganja mara mbili. Nililia, kwa sauti ya tumboni, jirani akagonga ukuta. Halafu nikanyamaza. Gudveig wako anasema kweli, kilio cha kujua kina mwisho.

Kesho yake nikaitoa, nikaitia kwenye bahasha, kwa sababu kuna mtu anayeihitaji na mimi nilikuwa nimeshamaliza.

Kwa hiyo usije, mama. Yule wa miaka saba ameondoka gatini, ukija hutamkuta, na huyu wa arobaini na moja hana mkono wa kukupa. Usiniandikie kuniambia Jorid alifanya nini. Nitapenda kujua, lakini nikianza kupenda kujua nitaanza kuchungulia sanduku la barua, na mimi kungoja nimekwisha.

Safiri salama.

Mwanao,
Ragnhild